Arobaini ya Mwanasesere

Jina la nchi hiyo hutamkwa kwa kibali, na kibali cha msimulizi wenu kiliisha muda mwezi uliopita, kwa hiyo tuiite nchi tu. Ni nchi iliyoendelea sana. Ushahidi wa maendeleo hayo ni Makumbusho Makuu ya Teknolojia, jengo la kumbi kumi katikati ya mji mkuu, kubwa kiasi kwamba mtu akiwa ndani yake haioni nchi.

Watu wenye roho mbaya waliwahi kuuliza vitu vya kujaza kumbi kumi vitatoka wapi. Waziri wa Sayansi, Teknolojia na Makofi aliwajibu kwa ufasaha: kila kifaa kinachofanya kazi nchini kiletwe makumbusho, na vibovu vibaki kwa wananchi, maana wao ndio waliovizoea. Malori yakatoka matupu, yakarudi yamejaa. Kwa miezi mitatu teknolojia yote ya nchi ikakusanywa chini ya paa moja, ikapangwa, ikawekewa kamba nyekundu na kibao cha USIGUSE.

Dereva wa lori mojawapo aliitwa Chande. Alikuwa mtu wa taratibu, mtu ambaye hata chafya akiisikia inakuja hutazama kwanza kama kuna aliyetangulia kwenye foleni. Kwa kazi ile alipewa cheti, akakitundika sebuleni, mahali ambapo mama mkwe wake, Bi Mwanamvua, angekiona kila akiinua kichwa.

Bi Mwanamvua alikuwa mkunga mstaafu. Nusu ya mji ule ilipita mikononi mwake ikiwa uchi na inalia, kwa hiyo hakuwa na woga mwingi kwa watu waliovaa suti.

"Ulibeba nini siku hiyo, mkwe wangu?" alimwuliza.

"Sanduku la kioo, mama. Kutoka hospitali."

"La kulelea watoto njiti?"

"Sikusoma, mama. Niliagizwa nibebe, sikuagizwa nisome."

Bi Mwanamvua alikitazama kile cheti, kisha akamtazama mkwewe. Adabu baina ya mkwe na mkwe ilimzuia kusema lililomjia mdomoni, na lililomjia halikuwa dogo.

*

Miezi mitano baadaye Kibibi, mkewe Chande na binti wa pekee wa Bi Mwanamvua, alijifungua kabla ya wakati wake. Mtoto alikuwa wa kiume, kilo moja na nusu, mwekundu, mwenye vidole kama vya mjusi.

Hospitali Kuu ilikuwa na kila kitu ila vifaa. Pale ilipokaa zamani mashine ya joto palibandikwa picha yake kubwa ya rangi, na chini ya picha maneno: KIFAA HIKI KIMEPANDISHWA CHEO. Muuguzi wa zamu, mama mmoja aliyechoka hata kukasirika, alimpima mtoto kwenye mizani ya jikoni akamrudisha mikononi mwa bibi yake.

"Anapumua mwenyewe, na maziwa ya kijiko anameza," alisema. "Kitakachomuua huyu ni baridi tu. Mfunge kifuani, mama. Lakini kifua peke yake hakitamfikisha, na wewe mkunga unalijua hilo kunishinda." Akashusha sauti. "Mashine ipo. Inawaka saa zote. Nendeni mkaitembelee."

Damu ilimchemka Bi Mwanamvua. Alitamani kumkaba mtu koo, lakini wote waliostahili kukabwa walikuwa na walinzi. Akambana mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, akajifunga kanga mbili juu yake na kujitanda ya tatu.

"Mama, na arobaini je?" Kibibi aliuliza kwa sauti ya mgonjwa.

Kwao mtoto mchanga hatoki nje mpaka zitimie siku arobaini. Macho ya watu mazito, na yeye bado laini. Hukaa ndani na mamake, jamaa wachache tu wakaruhusiwa kumwona, na siku ya arobaini ndipo hutolewa mlangoni kwa furaha akaonyeshwa jua. Bi Mwanamvua mwenyewe ndiye aliyewafokea mamia ya wazazi waliotaka kuivunja desturi hiyo. Sasa alikuwa anampeleka mjukuu wake wa siku moja akawekwe kwenye kioo, atazamwe na taifa zima.

"Akifia ndani siku ya tatu, hiyo arobaini nitamfanyia nani?" alisema kwa ukali. "Inuka, mwanangu. Jikaze."

Akatoa kichupa chake cha wanja, akamtia mtoto doa katikati ya paji la uso. Alilifanya nene na baya makusudi, ili macho ya watu yakwame pale yasiende kwingine.

*

Makumbusho hayatembelewi ovyo. Familia huja kamili, hufuata mishale iliyochorwa sakafuni, hairuki ukumbi hata mmoja, na kila hotuba ikiisha hupiga makofi. Mashine ya joto ilikuwa katika Ukumbi wa Uhai, ambao ni wa kumi.

Ziara iliongozwa na Dokta Mhandisi Pazi, Mkurugenzi Mkuu wa Makumbusho, mtu mfupi mwenye sauti ndefu.

"Karibuni katika Ukumbi wa Maji!" alinguruma. "Mnachokiona ni pampu ya kisasa iliyokuwa ikiteseka huko wilayani, ikinywesha watu wasiojua hata jina la mtengenezaji wake. Leo imepata heshima."

Pampu ilikuwa inavuta maji kutoka beseni moja na kuyamwaga katika beseni jingine, na yale ya beseni la pili yalirudi la kwanza. Nyuma ya kamba walisimama wanawake sita kutoka wilaya hiyo, wamekuja na ndoo kwa mazoea. Mlinzi aliwaeleza kwa upole kwamba ndoo haziruhusiwi kuona maonyesho.

"Makofi!" alisema Dokta Pazi, na watu wakapiga makofi. Bi Mwanamvua alipiga kwa mkono mmoja pajani. Mkono wa pili ulikuwa ndani ya kanga, umeshika mgongo wa mtoto, unahesabu pumzi.

Katika Ukumbi wa Umeme kulikuwa na joto zuri, na angependa wakae hapo, lakini hotuba ya umeme ilikuwa fupi. Katika Ukumbi wa Mawasiliano palikuwa na simu nyekundu juu ya mto wa mahameli, nayo ilikuwa inalia.

"Hii ni simu ya Zimamoto," alisema Dokta Pazi. "Sikilizeni ubora wa sauti yake. Inalia tangu Jumanne bila kuchoka."

"Mbona haipokewi?" aliuliza mzee mmoja.

"Mzee wangu, kibao hukioni? Usiguse."

Simu ikaendelea kulia, watu wakapiga makofi. Kibibi, aliyejifungua jana yake, alianza kuyumba, akaegemea ukuta. Mlinzi akaja mbio. Ukuta nao ulikuwa maonyesho, namba mia mbili na tatu.

"Dokta," Chande alithubutu, "mke wangu mgonjwa kidogo. Tungeomba, kama utaratibu unaruhusu, tuende moja kwa moja ukumbi wa kumi."

"Kijana, taifa hili limepita hatua zote mpaka kufika hapa. Wewe unataka kuruka?"

Chande akaomba radhi. Bi Mwanamvua alimtazama kwa jicho ambalo lingemtoa mtoto tumboni bila uchungu. Miguu ya mjukuu wake ilikuwa imeanza kupoa. Aliipangusa kwa kiganja ukumbi wa tano, akaipangusa ukumbi wa sita, na katika ukumbi wa tisa, wakati Dokta Pazi anaieleza kwa dakika arobaini taa ya barabarani iliyobaki peke yake nchini, aliomba kimoyomoyo apewe yeye lile baridi, yeye aliyekwisha kula umri wake.

*

Mashine ya joto ilikuwa safi, inang'aa, kipimo chake kinasoma nyuzi zinazofaa. Ndani yake alilala mwanasesere wa plastiki.

"Angalieni maajabu," alisema Dokta Pazi. "Mashine hii ilipokuwa hospitalini, watoto walikuwa wanakufa. Kumbukumbu zipo. Tangu tuilete hapa, hajafa hata mmoja!"

Makofi yalikuwa makubwa kuliko ya kumbi zote. Pembeni ya mashine alisimama mfuta vumbi, mwanamke mwenye kitambaa cha njano mkononi na beji kifuani, ambaye yeye peke yake katika nchi nzima alikuwa na kibali cha kufungua kile kioo. Bi Mwanamvua alimtazama mara mbili.

"Sikuzani?"

"Mama!" yule mwanamke alinong'ona. Watoto wake wote watatu walizalishwa na Bi Mwanamvua, na wa mwisho alikuja ametanguliza miguu.

Mkunga hakueleza kwa maneno. Alilegeza kanga kidogo, Sikuzani akachungulia, uso ukamwiva.

"Saa sita kasoro dakika mbili," alisema kwa kujiumauma. "Ngojeni wimbo."

Saa sita kamili wimbo wa taifa ulipigwa. Sheria inataka wimbo usikizwe kwa macho yaliyofumbwa, kwa kuwa uzalendo hauonekani. Dokta Pazi akafumba, walinzi wakafumba, wageni wakafumba. Chande naye alifumba, kwa sababu ndivyo sheria ilivyosema, ikabidi Kibibi amfinye ili ashike yule mwanasesere aliyetupiwa mikononi. Wimbo ulipofika ubeti wa pili, mtoto wa siku moja alikuwa amelala ndani ya kioo, na mwanasesere alikuwa kifuani mwa Bi Mwanamvua, baridi, mgumu, ananuka duka.

Dokta Pazi alifumbua macho, akaitazama mashine kwa fahari. "Mnaona? Mpaka anaonekana kama anapumua."

*

Ndivyo ilivyoanza arobaini ya mtoto yule. Sikuzani aliandika barua kueleza kwamba vumbi ni adui namba moja wa sayansi, akaongezewa zamu hadi mara nane kwa siku na moja ya usiku. Kila akifuta vumbi alikuwa na kijiko ndani ya kitambaa. Kibibi alikamua maziwa yake kwenye chupa ya chai, akaja kila asubuhi kama mpenzi wa teknolojia, akapita kumbi zote kumi, akapiga makofi mara kumi, akasimama mbele ya mwanawe kwa muda ulioruhusiwa kwa mgeni mmoja, yaani dakika moja. Akiweka mkono kwenye kioo, mlinzi alikuja na kibao.

Siku ya saba walimpa jina. Walimwita Shebe, jina la babu yake, wakamnong'oneza kupitia tundu la hewa, wageni wakidhani wanasoma maelezo.

Nyumbani mwanasesere alilazwa kitandani, kwa kuwa majirani walijua Kibibi amezaa. Bwana Afya wa mtaa alipokuja kukagua watoto wachanga, Chande alipata homa ya hofu, lakini Bwana Afya alifunua shuka mara moja tu. Aliona mtoto halii, hachafui, hadai kitu. Akaandika kwenye fomu: *Mtoto wa mfano. Raia mwema wa kesho.* Akampa na cheti cha kuzaliwa papo hapo, jambo ambalo watoto wenye uhai huchukua miaka miwili kulipata.

"Umeona, mkwe wangu?" alisema Bi Mwanamvua. "Wanampenda."

Jioni hiyo Chande alikitoa cheti chake ukutani, akakigeuza uso.

Balaa lilianza siku ya ishirini na tano, siku ya kuhesabu mali. Orodha ilisema mwanasesere ana gramu mia tisa. Mizani ilisema kilo mbili na robo. Dokta Pazi aliitisha kikao cha wataalamu, wakakaa siku mbili, wakala wali mara nne, wakatoa taarifa kwamba kutokana na mazingira bora ya utafiti yaliyowekwa na serikali, mwanasesere wa taifa ameanza kukua. Lile doa la wanja wataalamu walilieleza kuwa kitufe cha kuongozea.

Basi nchi ikapagawa. Magazeti yaliandika MWANASESERE WETU AONGEZA GRAMU. Foleni ilijipinda uani mwa makumbusho kuanzia lango kuu hadi stoo za nyuma. Macho ambayo Bi Mwanamvua aliyaogopa kwa mtoto mmoja sasa yalikuja kwa mabasi.

Na siku ya thelathini na nane redio ikatangaza. Keshokutwa Mheshimiwa Waziri mwenyewe angekuja kumzindua mwanasesere mbele ya taifa, na kutoka hapo angefungwa kwenye sanduku, apelekwe ng'ambo kwenye maonyesho ya dunia, akae huko mwaka mzima.

Kibibi alianguka chini akalia kwa sauti. Chande alikaa ameshika tama. Bi Mwanamvua alitembea kutoka mlango hadi dirisha, akarudi, akaenda tena.

"Mkwe wangu," alisema mwishowe, "wewe unazijua kanuni zao. Kitu gani kinawafanya watupe kifaa?"

Chande alifikiri. Macho yake yakaanza kuchangamka taratibu. "Kanuni ya kumi na tisa, mama. Kifaa kinachokatiza hotuba ya kiongozi kinafutwa kwenye orodha saa ileile, kinatolewa kwa mlango wa nyuma kama taka. Mwaka jana redio ilicheza muziki Waziri akizungumza. Niliibeba mimi, bado inaimba."

"Na keshokutwa zamu ya taka ni ya nani?"

"Ya Juma Mbegu. Lakini ananidai zamu ya Ijumaa moja; nitamlipa siku hiyo."

Bi Mwanamvua alimgeukia binti yake. Maisha yake yote hakupata kumwacha mtoto alie kwa njaa, wa kwake wala wa mwenzake, na maneno yaliyofuata yalimkata maini kabla hayajamkata Kibibi.

"Mwambie Sikuzani keshokutwa tangu alfajiri asimpe hata kijiko."

*

Siku ya arobaini ilianza na bendi. Mheshimiwa Waziri alifika amechelewa kwa saa tatu, kama inavyostahili cheo chake, akiwa na wapiga makofi wake binafsi kumi na wawili. Bi Mwanamvua na Kibibi walipenya wakasimama karibu na kamba. Chini ya kanga bibi alikuwa na nguo mpya nyeupe ya kumtolea mtoto nje, na chupa ya maziwa iliyokuwa inamchoma mbavuni kwa moto wake.

Shebe alikuwa ameamka. Alikuwa ananyonya ngumi, anaiacha, anaitafuta tena. Sikuzani alisimama mahali pake na kitambaa cha njano, macho yake mekundu, amegeukia ukuta asimwone.

"Wananchi!" alianza Waziri. "Zamani tuliambiwa hatuwezi kuunda hata sindano. Leo tumeunda mwanasesere anayekua! Na nini sifa ya mwanasesere huyu? Ni utulivu! Hadai maji. Hadai dawa. Hasemi hospitali imefanya hivi, serikali imefanya vile. Analala, anakua, ananyamaza! Nami nasema, kila mwananchi angekuwa kama..."

Shebe akalia.

Kwanza kilikuwa kilio kidogo, cha kuuliza. Wapiga makofi walikifunika. Halafu akavuta pumzi, mwili wote ukawa mwekundu, akalia kilio cha mtoto mwenye mapafu yaliyokomaa, kilio kilichotoka ndani ya kioo kikazunguka Ukumbi wa Uhai, kikatoka kwenye vipaza sauti vya Waziri vilivyokuwa vimewekwa karibu mno na mashine, kikasikika hadi kwenye foleni uani.

Bi Mwanamvua alifumba macho. Alikuwa anasikia kilio na shukrani na dhambi kwa pamoja.

"Nini hiki?" Waziri aliuliza.

"Ni... ni shangwe, Mheshimiwa," alisema Dokta Pazi.

"Kizimeni!"

Wataalamu wakakimbilia mashine. Mmoja alizungusha kila kinachozunguka, mwingine alikagua nyaya. Walimgeuza Shebe kifudifudi kutafuta mahali pa betri, akalia zaidi.

"Kitufe!" Dokta Pazi alipiga kelele. "Kitufe cheusi, hicho cha kwenye paji!"

Mtaalamu mkuu, aliyesoma ng'ambo miaka saba, akaweka kidole kwenye doa la wanja, akabonyeza. Hakuna kilichozimika. Akabonyeza mara ya pili na ya tatu, wanja ukamganda kidoleni, na mtoto akamkojolea mkono wa koti hadi kwenye kiwiko.

"Kinavuja!" mtaalamu alisema, akaruka nyuma.

Watu walitaka kucheka, wakakumbuka walipo, wakakohoa. Kibibi alikuwa ameuma kanga yake kwa meno, maziwa yamelowanisha kifua chake chote. Kila kilio kilimvuta mbele, na mamake alimshika kiuno kwa mkono wa chuma.

"Dakika nne!" Waziri alifoka. "Nimekatizwa kwa dakika nne na mdoli! Huu ni ubovu, huu ni uhaini! Kanuni ya kumi na tisa! Kitupwe! Na mniletee kingine kisichosema!"

Hapo Sikuzani alijitokeza akapiga goti kwa adabu. "Mheshimiwa, kuna kile cha mwanzo. Kipo stoo. Kimya kabisa."

Kilikuwepo, kwa kuwa Chande alikiweka pale asubuhi. Mwanasesere wa plastiki akaletwa, akalazwa mahali pake pa zamani kwenye nyuzi zinazofaa, akatazama dari. Waziri alimkagua kwa muda mrefu, uso wake ukalainika.

"Huyu ndiye," alisema. "Sasa funga hicho kioo kwa gundi ya chuma, kisifunguliwe na mtu yeyote tena. Sitaki kusikia kitu kikilia humu maisha yangu yote."

Wakaleta gundi, wakafunga, watu wakapiga makofi.

*

Mlango wa nyuma wa makumbusho unaelekea kwenye mapipa. Hapo ndipo Shebe alipotolewa nje siku yake ya arobaini, kwenye toroli, ndani ya gunia, na karani aliyekuwa na haraka ya kurudi kula wali. Lori lilikuwa limewashwa. Chande alitia sahihi, akapewa karatasi yenye mihuri mitatu:

*TAKA. IDADI: MOJA. HAIFAI KWA MATUMIZI YA TAIFA.*

Karani alipogeuka tu, Kibibi alitoka nyuma ya pipa. Hakungoja nguo nyeupe wala hakungoja kukaa. Alimtia mwanawe ziwa akiwa amesimama kwenye takataka, na kile kilio kilichoshindikana kwa wataalamu kikakoma mara moja.

Bi Mwanamvua alisimama akawatazama, machozi yakimtiririka, akaacha yatiririke. Halafu akamvua mjukuu wake gunia, akamvika ile nguo, akamwinua juu kidogo kulikabili jua kama ilivyo desturi, hapo hapo kati ya mapipa. Aliisoma ile karatasi mara mbili.

"Itunze hii, mkwe wangu," alisema. "Ikipotea nitakulaani. Akikua wakaja kumtaka, wowote wale, kwa kazi yao yoyote, utawaonyesha. Haifai kwa matumizi ya taifa. Mihuri mitatu."

Wakapanda. Lori likazunguka uani taratibu, likapita sambamba na ile foleni ndefu iliyokuwa bado inangoja kumwona mwanasesere. Ghafla Bi Mwanamvua alipiga kiganja kwenye mlango.

"Simama!"

"Mama, hapa hairuhusiwi kusi..."

"Simama, Chande!"

Katika foleni kulikuwa na msichana aliyejitanda kanga tatu kwenye joto lile, uso wa kijivu, mkono mmoja ndani ya nguo, umetulia kwenye kitu kidogo. Midomo yake ilikuwa inatembea. Bi Mwanamvua aliijua midomo hiyo. Alikuwa anahesabu pumzi.

Alishuka, akamwendea. "Wa siku ngapi?"

Msichana alishtuka. "Wa juzi, mama. Kuna nesi kaniambia nije niitembelee ile..."

"Imefungwa. Sasa hivi, kwa gundi."

Msichana hakulia. Alibaki amesimama kwenye foleni, akasogea hatua moja mbele kwa sababu foleni ilisogea. Bi Mwanamvua alimshika mkono akamtoa. Garini akafungua vifungo vyake, akakipokea kile kiumbe, chepesi kama mkate, akakibana kifuani ngozi kwa ngozi. Miguu yake ilikuwa ya baridi. Alijua hesabu za kilo na siku, na hesabu za huyu hazikumpendeza, lakini hakumwambia mamake.

Mbele yao lilikuwa lango kuu, na mlinzi wake alikuwa ameshainua mkono kuwasimamisha. Mlinzi huyo kazi yake ilikuwa kulinganisha kinachotoka na kilichoandikwa.

Chande aliitazama ile karatasi. Aliyatazama maneno IDADI: MOJA, na ile mihuri mitatu, yeye ambaye maishani mwake hajapata kugusa hata nukta ya serikali. Kisha akachomoa kalamu mfukoni, akaiweka karatasi juu ya usukani, akafuta *moja*, na kwa mwandiko wake mzuri wa mtu wa taratibu akaandika *mbili*.

Mlinzi alisoma, akachungulia, akahesabu kwa kidole.

"Taka mbili," alisema. "Pita."